Ngelani: Kijiji cha Mlimani na Udongo Wake

Mkulima mwenzangu,

Siku ulipopewa shamba lako la skimu ulipewa namba ya ploti, barua, na ramani yenye mistari iliyonyooka. Ramani ile yakuonyesha mpaka wako na mpaka wa jirani yako. Lakini haikuonyeshi ni nani aliyechunga mahali hapo zamani, wala ng'ombe walipita wapi kwenda kunywa maji, wala mvua ya mwaka gani ilianza kuuchukua udongo.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na ramani za namna hiyo hupita mkononi mwangu kila siku. Hata hivyo niliponunua kipande changu cha eka mbili, nilifanya kosa lile lile. Niliangalia ramani tu. Mvua za Novemba zilipokuja, maji yalishuka katikati ya mahindi yangu, yakabeba mbegu na mbolea, yakaacha korongo lenye kina cha kufika magotini. Nikafukia. Mwaka uliofuata likarudi mahali pale pale. Ndipo mama mmoja mzee, jirani yangu, akaniambia huku akicheka, "Mwalimu, unapigana na njia ya ng'ombe." Kumbe mahali pale palikuwa njia ya mifugo kwenda mtoni tangu zamani za babu zake. Kwato zilikuwa zimechimba kijia, na maji hayajaisahau njia yake.

Tangu siku ile nimeamini kwamba historia ya mahali ni chombo cha shamba kama vile jembe. Kwa hiyo mwezi huu nakuomba tutembee pamoja mpaka kijiji kimoja kidogo ambacho habari zake zafaa kujulikana na kila mkulima wa skimu. Jina lake ni Ngelani.

HALI YA NCHI

Ngelani iko katika milima ya Iveti, juu ya mji wa Machakos. Mji wenyewe uko kadiri ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Iveti vyapita mita 2,000. Ukitoka mjini wapanda, na kila unapopanda hewa yazidi kuwa baridi. Upande wa machweo waona milima ya Mua, na nyuma yake mbuga pana za Athi na Kapiti, ambako reli hupita kwenda Nairobi.

Udongo wa milima hii ni mwekundu, uliotokana na mawe ya kale sana. Ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukiachwa bila majani wala mazao juu yake, matone ya mvua huupigapiga mpaka ukafanya ganda. Hapo maji hushindwa kuingia ndani, nayo hutelemka. Mahali palipo na mteremko mkali, maji ya saa moja yaweza kuondoa kazi ya miaka mingi.

Mvua huja mara mbili kwa mwaka. Kuna ile ya Machi hadi Mei, ambayo Wakamba huiita ya uua, na ile ya Oktoba hadi Desemba, iitwayo ya nthwa. Katika nchi nyingine za Kenya mvua ya masika ndiyo ya kutegemewa. Huku Ukambani ni kinyume: mkulima huitumainia zaidi ile ya mwisho wa mwaka. Hata hiyo yaweza kukosa. Kwa hiyo watu hawahesabu miaka kwa tarakimu tu, huihesabu kwa majina ya njaa. Ile ya mwaka 1898 na 1899 yaitwa Ngomanisye. Ile ya 1961 yaitwa ya Ndeke, kwa sababu ndege zilidondosha chakula. Ya mwaka 1984 yaitwa Ngwete, maana yake mtu alikuwa na fedha mkononi na bado chakula cha kununua hakipo.

Kumbuka mambo haya matatu: mteremko, udongo unaofanya ganda, na mvua isiyo na uhakika. Historia yote ya Ngelani imesimama juu yake.

ZAMANI ZA WAZEE

Wakamba wa zamani walikaa milimani kwa sababu nzuri. Mlimani kuna mvua zaidi, na ni rahisi kujilinda. Wazee husimulia kwamba watu walitangulia kukaa Mbooni, kisha wakaenea Iveti na milima mingine.

Walikuwa na mpango wao wa ardhi, nao haukuwa wa ovyo. Shamba la mtu mwenyewe liliitwa ng'undu, na watoto wake walilirithi. Nchi wazi ya malisho, ambayo ilikuwa ya watu wote, iliitwa weu. Huko wenye ng'ombe wengi walijenga kyengo, yaani boma la mbali la mifugo, na vijana wakaenda kukaa nako. Majani yakiisha hapa, ng'ombe huhamishwa kule, na mlima hupumzika.

Basi fahamu kwamba mpango ule ulihitaji nafasi. Ukiondoa weu, ng'ombe wote hurudi juu ya ng'undu, na mlima hauna tena siku ya kupumzika.

MPAKA UNAFUNGWA

Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilijenga kituo chake karibu na kwa Masaku, mzee aliyeupa mji wa Machakos jina lake. Kwa miaka kumi Machakos ilikuwa makao makubwa ya serikali mpya katika bara. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi bila kupitia Machakos, na makao makubwa yakahamia huko.

Reli ilileta walowezi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini milima ya Mua na sehemu kubwa za mbuga zilitolewa kwa Wazungu. Watu wa Ngelani wakawa wanaitazama Mua kila asubuhi toka milangoni pao, na hawana ruhusa ya kupeleka ng'ombe huko. Hifadhi ya Wakamba ilichorewa mpaka, na malisho mengi yakawa nje yake. Watu walipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyokaa tangu 1932 hata 1934, lakini Mua haikurudishwa.

Wakati huo huo watu waliongezeka na mifugo iliongezeka. Kisha zikaja nzige, ukaja ukame, na bei ya mazao ikaanguka duniani kote. Udongo ukaanza kwenda. Mwaka 1937 mtaalamu wa serikali wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya Machakos yenye maneno mazito: vilima vilivyo uchi, makorongo, mito inayobeba nchi yenyewe kwenda baharini. Miaka ile Marekani nako upepo ulikuwa ukibeba mashamba mazima kwa dhoruba za vumbi, na wakubwa wa serikali za kikoloni waliogopa kwamba Afrika itakuwa vivyo hivyo.

MWAKA WA NG'OMBE, 1938

Serikali ikaamua kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe. Katika mwaka 1938 watu wa Machakos waliamriwa idadi ya mifugo wanayoweza kubaki nayo. Waliozidi walichukuliwa na kuuzwa mnadani kwa bei ndogo. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe. Watu waliweka mambo hayo mawili pamoja, wakajibu wenyewe swali lao.

Wewe uliye na ng'ombe wawili watatu wa maziwa, jaribu kufikiri. Ng'ombe wa Mkamba wa siku zile alikuwa benki yake, mahari ya mwanawe, na chakula cha siku ya njaa. Mtu aliyekwisha kupoteza malisho sasa aliambiwa kwamba kosa ni lake, na malipo ya kosa ni ng'ombe wake.

Ngelani ndiyo iliyosimama mbele. Watu wake walikuwa miongoni mwa waliounda chama kilichoitwa Ukamba Members Association, na msemaji wake alikuwa Muindi Mbingu. Mwezi wa Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walitoka Machakos wakaenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 60, kutaka kumwona Gavana. Walipiga kambi mjini muda wa majuma sita hivi. Hawakuchoma kitu wala kupiga mtu. Walikaa tu, wakingoja kusikilizwa.

Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, ilimbidi aende kufanya baraza Machakos. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu, akawekwa huko miaka kadhaa mbali na watu wake. Lakini serikali ilikuwa na hofu pia, kwa maana Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na katika polisi. Kabla mwaka haujaisha, amri ya kuuza ng'ombe kwa lazima ikaachwa. Leo ukienda Nairobi utaiona barabara iitwayo Muindi Mbingu.

NANI ALIKUWA NA HAKI?

Hapa nataka tuseme ukweli, wewe na mimi, kama wakulima. Watu wa Ngelani walikuwa na haki juu ya ng'ombe wao na juu ya malisho yaliyochukuliwa. Dawa waliyoletewa haikuwa dawa. Lakini udongo nao ulikuwa unakwenda kweli. Maher hakuota ndoto. Siku ng'ombe waliporudishwa, korongo halikurudi nyuma hata hatua moja. Ushindi wa 1938 uliokoa mifugo, haukuokoa mlima. Kazi ya kuokoa mlima ilikuwa bado yangojea mwenye kuifanya.

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilirudi tena, safari hii na kazi ya mitaro. Watu walitolewa siku maalum za juma kuchimba, chini ya amri ya machifu. Mitaro mingi ilikuwa myembamba, na udongo ulitupwa upande wa chini. Mvua kubwa ikija, hubomoka. Mtu aliyechimba kwa kuogopa faini hakuwa na haja ya kurudi kuurekebisha. Alingoja aamriwe tena.

FANYA JUU NA MWETHYA

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, na kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni namna ya kuchimba. Wakulima waliona kwamba udongo wa mtaro ukitupwa upande wa juu, tuta hukaa, na mvua baada ya mvua shamba hujaa nyuma yake mpaka likawa kama ngazi. Namna hii ikaitwa fanya juu. Maji hayakimbii tena, bali hukaa shambani na kuingia chini. Katika nchi ya mvua ya kubahatisha, hilo ni zaidi ya kuhifadhi udongo. Ni kujiwekea akiba ya mvua yenyewe.

Sababu ya pili ni soko. Katika miaka hiyo wakulima Waafrika wa milima ya Machakos waliruhusiwa kupanda kahawa, na waliokuwa karibu na barabara waliuza mboga na matunda Nairobi. Mtu alipoona kwamba ngazi yenye kahawa yaleta ada ya shule, hakungoja chifu.

Sababu ya tatu ni mwethya. Tangu zamani Wakamba walisaidiana kwa vikundi vya majirani kujenga nyumba na kulima. Desturi hii ikatumiwa kwa mitaro. Kikundi humaliza shamba la huyu, kesho huenda kwa yule, na viongozi wake huchaguliwa na wenyewe. Wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa mbali kazini. Wakamba husema, kyaa kimwe kiyuaa ndaa, yaani kidole kimoja hakivunji chawa.

Baada ya Uhuru wa 1963 kazi ya mitaro ililegea kwa muda, kwa maana watu waliikumbuka kama kazi ya mkoloni. Lakini haikufa. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilirudi kwa nguvu, kwa msaada wa serikali na wafadhili, na zaidi kwa fedha na mikono ya wenye mashamba. Mwaka 1994 wachunguzi watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu juu ya Machakos. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na picha za mahali pale pale zaidi ya miaka hamsini baadaye. Watu wa wilaya ile ya zamani walikuwa wameongezeka toka kama 240,000 mwaka 1930 hata kama 1,400,000 mwaka 1990. Hata hivyo vilima vilivyokuwa uchi vilikuwa na ngazi, miti na mazao. Nchi iliyosemwa kwamba imekufa ilikuwa inalisha watu wengi kuliko zamani.

Sisemi kwamba shida zimekwisha. Mashamba ya milimani yamegawanywa vipande vidogo, vijana wengi wametelemka kwenda mjini, na mwaka wa ukame bado ni mwaka wa ukame. Lakini tuta la fanya juu lililotunzwa laweza kuwa la baba, la mwana na la mjukuu.

NA WEWE WA SKIMU?

Labda wasema, "Habari za Ngelani ni za Ngelani. Mimi nina ploti yangu." Basi sikiliza. Ile milima ya Mua, ambayo watu wa Ngelani waliitazama miaka mingi kwa uchungu, baada ya Uhuru iligawanywa kuwa mashamba ya skimu. Skimu zetu nyingi zimekaa juu ya ardhi yenye habari kama hizo. Mahali pengine palikuwa shamba la mlowezi, mahali pengine malisho ya wote. Ardhi uliyopewa wewe kwa barua, mwingine aliililia kwa miguu mpaka Nairobi. Ukiiacha iende na maji, umeipoteza mara ya pili, na safari hii hakuna Gavana wa kulaumiwa.

Kwa hiyo nakupa kazi nne, kama mwalimu anavyowapa wanafunzi wake.

Kwanza, uliza. Tafuta mzee aliyeijua nchi kabla ya skimu. Muulize njia za ng'ombe zilipita wapi, chemchemi zilikuwa wapi, na sehemu gani ilikuwa msitu. Chora majibu juu ya ramani yako kwa penseli.

Pili, tazama maji. Mvua ikinyesha kwa nguvu, usikae jikoni. Jifunike gunia utoke, uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Kama maji mengi yanatoka kwa jirani wa juu au barabarani, chimba kwanza mfereji wa kuyakinga na kuyapeleka mahali penye majani, tena kwa kupatana na jirani wa chini yako.

Tatu, pima ndipo uchimbe. Tumia pimamaji na kamba. Usitumie macho tu, macho hudanganya mlimani. Mtaro wa fanya juu kwa kawaida una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Tupa udongo upande wa juu, lakini acha ukingo wa sentimita 15 hata 30 kati ya mtaro na tuta, ili udongo usirudi ndani. Mteremko ukiwa mkali, mitaro hukaribiana. Panda majani ya ng'ombe juu ya tuta, kama vile makarikari au nepia: yatashika udongo na yatalisha maziwa. Bwana Shamba atakuonyesha nafasi ya kuacha kati ya mtaro na mtaro katika shamba lako.

Nne, msichimbe peke yenu. Kaeni majirani kumi, mfanye mwethya wenu, hata kama mmetoka nchi mbalimbali na lugha zenu si moja. Katika skimu watu hukutana wakiwa wageni. Hakuna kitu kinachowafanya wageni kuwa majirani upesi kama kushika beleshi pamoja.

Nami nikueleze mwisho wa korongo langu. Sikulifukia tena. Majirani walikuja siku tatu, wengi wao akina mama, na yule mama mzee akakaa juu ya jiwe akituelekeza kwa fimbo. Tuliichimbia ile njia ya ng'ombe mfereji wake wa kukinga maji upande wa juu, tukapiga mitaro minne ya fanya juu upande wa chini. Mvua za Novemba zilipokuja nilitoka na gunia kichwani. Maji yalifika kwenye mtaro wa kwanza yakasimama, yakiwa mekundu na kimya, kisha yakaanza kuzama polepole.

Asubuhi yake yule mama alipita akielekea sokoni. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa njia imefungwa, mwalimu. Lakini usisahau kuizibua mitaro yako kabla ya uua."

Nawe usisahau.